Kijiko cha Ngano ya Prokip

Baada ya mazishi ya mumewe Prokip, Dokia Hrynkiw alikonda hadi pete ya ndoa ikamtoka kidoleni alipokuwa akiosha vyombo. Majirani hawakushangaa. Walisema ni majonzi, yatapita. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Tumbo likimsokota, alijilaza na kusema moyoni kwamba hata mwili unamlilia Prokip.

Mwezi wa Novemba bintiye Orysia alimpeleka kwa daktari wa mjini, karibu kwa kumburuta. Alipimwa damu, akapitishwa mpira wenye kamera hadi tumboni, kisha akaambiwa kwamba kinachomdhuru ni gluteni, protini iliyo ndani ya ngano. Ngano ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

"Ngano?" Dokia aliuliza. "Daktari, mume wangu alikuwa mkulima wa ngano. Jimbo letu zima la Saskatchewan tunalima nini kingine?"

"Pole, mama. Utumbo wako hauitaki."

"Basi nitapunguza."

"Kupunguza hakutoshi. Ni kuacha kabisa."

Akarudi nyumbani, akapunguza. Mkate wa kila siku aliuacha, wa Jumapili akaubakiza. Wanawake wa kanisa walipokusanyika kufinya maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, alikaa mbali kidogo na sinia. Wifi yake Tekla, dada wa marehemu, alimwona.

"Wifi, umeanza mambo ya televisheni? Bibi yetu alikula mkate tangu meno yalipoota mpaka yakang'oka yote."

"Mimi unaniumiza, Tekla."

"Chakula cha nyumbani kikuumize? Labda huyo daktari wako anauza mchele!"

Wanawake walicheka. Dokia naye akacheka, akachukua andazi akala ili yaishe. Siku mbili zilizofuata hakuweza kuinuka kitandani.

Hata hivyo, yote hayo angeweza kuyaacha. Kilichomshinda ni bakuli la mkesha wa Krismasi, ambayo kanisa lao huisherehekea Januari. Ngano isiyosagwa huchemshwa, ikachanganywa na asali na mbegu nyeusi zilizosagwa, na kila mtu hula kijiko kimoja kabla ya chakula kingine chochote, kwa kuwakumbuka waliokufa. Mwaka huu ngano ilikuwa ya Prokip. Aliipanda Mei, akafa Julai ikiwa bado mbichi. Wakati wa mavuno majirani walikuja na mashine zao bila kuitwa, wakaimaliza kwa siku moja. Dokia aliweka ndoo moja pembeni.

Jioni ya mkesha Orysia alifika kutoka mji wa Regina na kibakuli kidogo kilichofunikwa.

"Hii ni yako, Mama. Nimeweka asali na mbegu vilevile."

Dokia alifunua. "Wali? Baba yako alilima mpunga lini?"

"Mama, nisikilize."

"Kijiko kimoja tu, Orysia. Aliipanda kwa mkono wake. Hatapanda tena. Nikatae na hicho?"

Orysia alivua koti taratibu, akalishika mikononi. "Baba naye alisema atapunguza. Sigara alipunguza, chumvi akapunguza. Wewe ukanipigia simu, ukaniambia hajambo, ni kifua tu. Mama, nimechoka na kupunguza kwenu. Nimebaki na wewe peke yako."

Dokia alikwenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Nyota ya kwanza ilipoonekana waliketi mezani, Tekla naye akiwa amefika. Kiti cha Prokip kiliwekewa sahani na mshumaa. Tekla akaomba, akala kijiko chake, akaweka kijiko kingine kwenye sahani ya marehemu, kisha akamsogezea Dokia bakuli.

"Kwa kaka yangu, wifi. Au umeshamsahau?"

Dokia alilipokea kwa mikono miwili. Harufu ya asali ikampanda puani. Akakaa nalo kwa muda, halafu akampa Orysia bila kugusa kijiko. Akavuta kibakuli cha wali, akala. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Tekla hakumtazama tena mpaka chakula kikaisha.

Sahani ya marehemu haiondolewi usiku. Asubuhi, katika nyumba ile, huliwa na yule aliyekuwa wa karibu naye zaidi. Mama yake Prokip alipofariki, Prokip ndiye aliyekula, amesimama, machozi yakidondokea ndevuni.

Dokia aliamka kabla ya wengine. Alisimama mbele ya ile sahani. Asali ilikuwa imekauka juu ya punje. Alishika kijiko, akakiweka, akakishika tena. Orysia alitokea mlangoni na soksi miguuni, akamwona, akasimama pale pale.

"Njoo," Dokia alisema hatimaye. "Kaa kwenye kiti chake."

Orysia akakaa.

"Hii ilikuwa ni yangu kuila. Sasa ni yako. Kula."

Binti alikula, mabega yakimtikisika. Dokia alisimama nyuma yake, mikono juu ya mgongo wa kiti, akimsikiliza anavyotafuna.

"Imeiva?"

"Imeiva, Mama."

"Punje ni ngumu kidogo. Mvua ilikuwa haba." Akainama kidogo. "Ina utamu?"

Orysia aliitikia kwa kichwa.

"Basi maliza zote, mwanangu. Usibakize hata moja, nisije nikaichukua."