Sarafu Niliyoisugua kwa Ajili ya Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la makumbusho moja hapa Minneapolis, mtunza mkuu alinipa glovu akaniambia, "Sarafu ya kale haioshwi. Uchafu wake nao ni ushahidi." Nikaitikia kwa kichwa. Mtu akiwa mgeni huitikia kila kitu.

Kazi yetu ilikuwa kupima, kupiga picha na kuandika kadi. Nilizipenda sana sarafu za wafalme wa Kigiriki waliotawala upande wa India: vipande vya shaba vya mraba, huku jina la mfalme kwa Kigiriki, huku jina lilelile kwa maandishi ya wenyeji. Vijana, msidhani ni jambo dogo mtawala kutaka asomwe na watu aliowakuta. Tena wengi wa wafalme hao hawatajwi popote ila kwenye sarafu zao.

Ilikuwapo moja ambayo Kigiriki chake kilikuwa kimelika. Jina lingesomeka upande wa Kihindi tu, ndani ya kutu ngumu ya kijani ambayo sisi tuliiita ngozi. Profesa mmoja mzee alikuwa anakuja kutoka India kuisoma. Sasa kwetu Tanga mgeni hapewi chombo kichafu. Mama alikuwa akisugua sinia za shaba kwa ndimu na majivu mpaka ziwake. Asubuhi ile nami nikaisugua, hata picha sijapiga. Ngozi ikabanduka, herufi zikatoka nayo.

Profesa aliitazama kwa lenzi muda mrefu. "Jina lake lilikuwa hapa," akasema, akaketi.

Chumba kilinuka ndimu. Mtunza mkuu akamwita Mama Neema, Mkongomani aliyesafisha sakafu zetu.

"Mi sikugusaka ile kitu, chef," alisema, kisha akanigeukia. "Kaka, umuambie. Unanijua."

Niliinamia kadi zangu. Alifukuzwa siku ileile. Mimi nilipandishwa cheo, nikaja kustaafu kwa keki na hotuba. Majuto ni mjukuu, na wangu naishi naye. Naona aibu mpaka leo.

Mwaka jana Mama Neema alifariki, huko Maplewood. Nilikwenda matangani nimedhamiria kusema ukweli. Binti yake akanipokea kwa mikono miwili.

"Thank you, uncle. From that job, ni wewe tu umekuja."

Akanivutia kiti, akaniletea sahani ya bugali na sombe, kisamvu cha kwao. Nikala.