Kamba Aliyoilaza Mzee Masele

Harufu ya katani mpya ilinipokea mlangoni mwa duka la vifaa pale Segese, na hapo hapo nikamkumbuka Mzee Masele, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alilochimba baba yangu miaka ya tisini. Mtaniwia radhi. Marehemu husemwa kwa mazuri yake, na huyu sijui nianzie wapi.

Shimo lake lilishuka mshazari kuelekea duara la zamani lililojaa maji. Kila mchimbaji alijua kwamba ukilitoboa lile, umekwisha. Na Masele alipimaje umbali? Aliitoa kamba iliyofika mwisho wa shimo, akailaza juu ya ardhi kuanzia mdomo wa shimo kuelekea duara la maji, akatembea kando yake kwa madaha, kofia kichwani. Kamba ikalipita.

"Mmeona? Tumeshalipita! Pigeni mwamba!"

Watu wazima na ndevu zao wakashangilia. Aliyeshangilia zaidi ni Kulwa, mwanawe, ambaye kila siku ndiye aliyetangulia kushuka.

Nilikuwa kidato cha pili, nimewaletea ugali. Wanawake hatukuruhusiwa kusogelea mdomo wa duara, lakini nilisogea na kipimapembe changu, uzi na kijiwe. Mteremko ulikuwa digrii sitini, kamba mita arobaini, na kosaini ya sitini ni nusu. Basi huko chini walikuwa wamesogea mita ishirini tu. Maji yalikuwa mita ishirini na mbili kutoka mdomoni. Nikachora pembetatu mchangani, nikawaeleza taratibu kana kwamba nawafundisha watoto wa chekechea.

Masele aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akaufuta kwa kiatu.

"Ngosha," alimwambia Baba, "binti yako anatuletea mkosi."

Baba akacheka kile kicheko cha kujipendekeza ambacho hadi leo kinanichefua. "Msamehe, mzee. Ni vitabu tu hivyo."

Kesho yake asubuhi Baba akashuka.

Maji yaliingia kabla ya saa nne. Baba alitoka hai, matope hadi masikioni. Wenzake wawili hawakutoka. Masele akatangaza kwamba mguu wa mwanamke ndio ulioleta maji, na Baba akatoa mbuzi wa kusafishia duara, akaomba radhi kwa niaba yangu. Nilimdharau Baba kwa mbuzi yule. Masele nilimdharau kwa ujinga wake, miaka na miaka.

Pale Segese, aliyenikatia kamba alikuwa Kulwa mwenyewe, mvi kichwani. Nikamuuliza siku ile ya maji alikuwa wapi.

"Mzee alinituma Geita, dada, nikanunue mafuta ya taa." Alikuwa akiizungusha kamba mkononi, hanitazami. "Na dumu la nyumbani lilikuwa limejaa."

Kumbe Mzee Masele hesabu yangu aliielewa. Kati ya wote waliosimama pale, ni yeye peke yake aliyeielewa.