Mtandio wa Kijani Ngazini

Nimewahi kumfanya mwanamume amtukane mke wake mbele ya wapangaji sitini, na mke mwenyewe akanishukuru.

Tulieni niwasimulie.

Jengoni kwetu kuna jirani tuliyemwita Kamera. Kazi aliyojipa ni kuwapiga picha wapenzi kwa nyuma, kwa kujificha, na kuzirusha kwenye grupu la wapangaji. Sura hakuhitaji. Nguo zilimtosha kutoa hukumu.

Nilirudi likizo kutoka bweni nikamkuta dada yangu, muuguzi, anafunga mizigo. Kamera alimnasa ngazini, kajitanda mtandio wake wa kijani, akikumbatiana na mchumba wake. Mwenye nyumba akampa siku tatu ahame.

"Hukumjibu?"

"Nimjibu nini, mdogo wangu? Mtu kakuvua nguo mbele za watu, halafu umuombe shuka?"

Mimi, mtoto mpole ambaye bweni lilimfunza mengi isipokuwa msamaha, nikabisha hodi kwa mke wa Kamera. Mumewe alikuwa kazini.

"Mama, nataka ujitande mtandio wa dada, umkumbatie mtu ngazini. Ukikataa, sijaja."

Naam, mimi huomba ruhusa kwanza.

Akaupokea mtandio. "Kesho Jumamosi kaka yangu anakuja, saa nne asubuhi. Atafaa?"

"Atafaa sana, mama."

Kesho yake nikamnong'oneza Kamera kuwa ngazini kuna jambo. Hakumaliza hata chai.

Simu zikalia kila mlango, picha ya mtandio wa kijani kwa nyuma, na maneno ya Kamera: "Yule muuguzi tena. Malaya hana haya."

Wapangaji wakamiminika, mwenye nyumba mbele, dada yangu nyuma yake.

Mwanamke wa mtandio akageuka taratibu.

"Rudia, mume wangu. Kaka yangu hajasikia."

Kamera akahangaika kuifuta picha, lakini simu sitini zilikuwa nayo tayari.

Mwenye nyumba akasoma tena ujumbe, akamtazama dada. "Kumbe nguo si ushahidi. Kafungue mizigo yako, binti."

Nikajiona jemadari. Nikamfuata yule mama kumpongeza, nikamkuta kaka yake anapakia sanduku la pili garini.

"Safari tena, mama?"

"Miaka tisa ananitukana ndani, mwanangu, na kila nikilia ananiuliza nani ataniamini. Leo wameshuhudia sitini." Akanirudishia mtandio. "Asante."

Kumbe vita ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mbeba mtandio tu.

Funzo, wapendwa: anayevizia milango ya wenzake, wa kwake hufunguliwa kwa ndani.