Mwaka Tuliomshuku Baba

Mimi ndiye niliyefungua mkoba wa baba. Nalisema hili mapema kwa sababu ndugu zangu mpaka leo wanadhani maneno yale yalianzia ofisini kwake.

Baba alikuwa mhandisi wa maji Songea, katika ile miaka ya ruksa, maduka ya mtaa wa Majengo yalipoanza kujaa sabuni na vitenge, na kazi ambazo serikali ilizoea kuzifanya yenyewe zikaanza kupewa wakandarasi binafsi. Kazi yake ikawa kukagua. Kila siku alianzia misa ya asubuhi ndipo aende ofisini, na jioni alitusalisha rozari sisi watoto watano. Mmoja akisinzia, alisimama palepale kwenye Salamu Maria mpaka aamke. Alikuwa mpole sana, ila kwa saruji hakuwa na huruma. Aliigonga kwa kinyundo, akatega sikio, kama daktari anayesikiliza kifua.

Mkandarasi mmoja alijenga tangi kubwa juu ya mtaa wetu wa Mjimwema, upande wa kuelekea Matogoro. Kabla baba hajalikagua, yule bwana akaleta lori la mabati, zawadi kwa kigango chetu, kanisa dogo la mtaa lililokuwa bado limeezekwa kwa nyasi. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kigango, alisimama baada ya misa akasema, "Naomba mabati haya yasipigwe hata msumari mmoja mpaka nimalize kukagua tangi."

Vigelegele vikakatika. Njiani nikamsikia mama mmoja wa jumuiya yetu akimwambia mwenzake, "Anataka naye aletewe yake kwanza."

Neno lile liliniingia. Nilikuwa kidato cha tatu, umri wa kuamini kwamba watu wazima wote wanaficha kitu, nikaanza kumwangalia baba. Kila jioni alipanda kwenye tangi peke yake, akarudi na udongo kwenye viatu. Mama akimuuliza, alijibu tu, "Nilikuwa naangalia." Wakati huohuo habari zikaenea kwamba maji ya tangi yanapungua, na hakuna ufa unaoonekana popote. Siku moja alipokuwa anaoga, nikafungua mkoba wake. Chini ya kitabu cha sala palikuwa na spana kubwa ya kufungulia valvu, imelowa.

Nilimkuta mama akichambua maharage.

"Mama, ni baba anayefungulia maji. Spana imo mkobani mwake."

Nilitaka anikemee. Hakunikemea. Aliuliza, "Umeiona kwa macho yako?" Nikajua kwamba na yeye alikuwa ameanza kushuku.

Mama alimnong'oneza rafiki yake mmoja wa jumuiya. Haikupita wiki, Mjimwema nzima ilikuwa inasema mhandisi anamwaga maji ili mkandarasi alazimike kumhonga. Watu walimwamkia "Shikamoo mzee" kwa heshima zote, halafu wakacheka akishapita. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, waliokaa benchi lake walitazama mbele.

Jioni moja, baada ya rozari, ndugu zangu walipokwisha kwenda kulala, akauliza, "Nani alifungua mkoba wangu?"

Nikasema ni mimi. Nilingoja fimbo.

"Uliona nini?"

"Spana."

"Ukafikiri ninafungulia maji."

Nikaitikia kwa kichwa. Akaisokota rozari mkononi. "Ungeniuliza, mwanangu. Ningekuonyesha." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe pia." Mama akainama, akaanza kukunja mkeka ambao bado tulikuwa tumeukalia.

Jumamosi alinichukua tukapanda wote. Chini ya tangi kulikuwa na bustani ya bibi mmoja. Ilikuwa Oktoba, mteremko wote umekauka, lakini maboga yake yalikuwa na majani ya kijani mpaka yanang'aa.

"Shikamoo bibi," baba alisema. "Unamwagilia saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Simwagilii. Mwaka huu Mungu mwenyewe ananimwagilia."

Tulipoondoka baba akaniambia taratibu, "Ni sakafu ya tangi. Imepasuka kwa chini. Nafunga valvu zote kwa ile spana, napima, na bado maji yanashuka. Lakini sasa nani ataniamini?"

Kesho yake, baada ya misa, mkandarasi alikuwa nje ya kanisa akisalimiana na watu. Baba akamkabidhi spana mbele ya wote. "Jaza tangi, funga valvu mwenyewe, tia kufuli yako. Ndani tuweke alama ya rangi pale maji yalipofika. Jumatano katekista apande aangalie. Mimi sitakanyaga kule."

Jumatano nusu ya kigango ilikuwa imesimama chini ya tangi. Katekista akachungulia, akapaza sauti, "Yameshuka! Mkono mzima!"

"Ni jua hilo," mkandarasi alisema.

"Jua lililoingia chini ya mfuniko wa zege?" baba aliuliza.

Wakachimba kwenye bustani ya bibi. Hawajafika magotini, maji yakatokeza.

Mkandarasi alivunja sakafu, akaimwaga upya. Tangi liliposhika maji, baba mwenyewe alipanda juu ya kanisa na kupokea bati la kwanza. "Sasa ameshiba," sauti ikasema nyuma yangu. Nikageuka, na wanawake watatu wakawa wanajifunga kanga zao vizuri.

Mwaka uliofuata ofisi yake ilipunguza wafanyakazi, na baba alikuwamo. Hakuambiwa sababu. Mimi nilikuwa na jibu langu, lakini kila nilipomtaja mkandarasi, baba alinikatiza: "Hujui. Usiseme usichokijua." Akaishi kwa kutengeneza pampu za visima vijijini, akiendesha baiskeli, na misa ya asubuhi hakuiacha.

Alipofariki, mkandarasi alikuja msibani, naye amezeeka. Alishika koleo akafukia kaburi kama wengine. Nikamtazama muda wote. Watu walipokuwa wananawa mikono nikamfuata.

"Shikamoo. Naomba kukuuliza. Ile orodha ya kupunguzwa kazi, wewe ndiye uliyelipeleka jina la baba?"

Alikung'uta maji mikononi. "Sikulipeleka. Mkubwa wake aliniuliza kama huyu mtu ni msumbufu. Nikanyamaza."

Kama ni kweli au alipunguza ukweli, sijui. Mama alikuwa ananiita nigawe chakula. Nikaenda, nikampakulia na mkandarasi.