Siku Niliyosema "Wamekata"

Katika Songea ya enzi za majenereta, umeme haukukatika wenyewe. Ulikatwa. Tulisema "wamekata," na hakuna aliyeuliza ni akina nani hao. Kwa watoto wa mtaa wetu pale Msamala, walikuwa na sura moja: jirani yetu, fundi wa mitambo kwenye kituo cha umeme, aliyepita mbele ya nyumba kila jioni na baiskeli yake akinuka dizeli.

Baba mdogo, aliyekuwa akinunua mawe ya vito Tunduru, alirudi msimu mmoja na televisheni ndogo isiyo na rangi na mashine ya gemu yenye kaseti moja. Askari mfupi mwenye upanga anaruka mashimo, anakwepa popo, anapita hatua nane, na mwishoni, kwa mujibu wa picha ya kwenye boksi, anapambana na joka. Joka hatukuliona. Mashine haikuwa na kumbukumbu: ukifa mara tatu unaanza mwanzo, wakikata unaanza mwanzo. Hatua ya kwanza tuliijua kama njia ya kwenda kanisani. Mimi na dada yangu tuligombana hata juu ya rangi ya shati la yule askari, maana televisheni ilituonyesha kijivu tu. Mimi nilishikilia kwamba ni jekundu.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, na matokeo yake nimewahi kusimama ukumbini na kuzungumza kwa saa nzima kuhusu usanifu wa michezo hii. Nilichotaka kusema kingetosha dakika tano. Watengenezaji wa zamani walikuwa na nafasi ndogo kwenye kaseti, wakaficha ufupi wa mchezo kwa kuufanya mgumu. Wa leo wana nafasi tele, wakauondoa mwisho wenyewe. Gemu iliyo kwenye simu ya binti yangu humpa zawadi kwa kurudi kila siku, na asiporudi humtumia ujumbe wa majonzi kama mchumba aliyeachwa. Haitaki aimalize; akiimaliza, biashara imekufa. Ya kwetu ilitaka tuimalize, ila haikutaka kuturahisishia. Nilipomaliza kusema hayo, mwanafunzi mmoja aliuliza kama mwenyewe niliwahi kufika mwisho. Nikamjibu kwamba enzi zile umeme ulikuwa wa shida.

Ukweli ni huu. Jumamosi moja mchana, dada, akiwa na miaka kumi na minne, alifika hatua ya nane. Mimi nilikuwa nimeshakufa zamani, hatua ya tatu kama kawaida yangu, nimekaa sakafuni na padi ya pili ya kuchezea, isiyo na kazi. Waya wa mashine ulipita karibu na mguu wangu. Askari akaingia ngomeni, muziki ukabadilika, tukausikia kwa mara ya kwanza. Nikauvuta waya kwa kidole gumba cha mguu. Kioo kikawa cheusi.

"Wamekata!" nilisema, kabla dada hajapumua.

Alitoka mbio hadi barabarani akilia kwa hasira, nami nikarudisha plagi. Ilikuwa mchana, taa zote zimezimwa. Hakukuwa na cha kunisuta. Jioni ile fundi alipopita, dada alimnyima shikamoo. Kesho yake pia. Ikaenda hivyo hadi mama akagundua, na mama hakuwa mtu wa kufuga mtoto asiyeamkia wakubwa. Dada alichapwa, kisha akachota maji peke yake wiki nzima, zamu zangu zikiwemo. Nilinyamaza. Nilinyamaza hata alipoingia utawa.

Mwaka huu nimeupata mchezo ule kwenye simu. Shati ni la zambarau. Siku hizi unaweza kuhifadhi popote ulipofika, basi nikawa nahifadhi kabla ya kila shimo, na kwa jioni tatu nikaliua joka. Yalitokea maneno ya pongezi kwa Kiingereza kibovu, askari akaketi. Nilijisikia kama nimefungua barua ya mtu mwingine.

Dada alipokuja likizo nilimpa simu, nimemwekea mwanzo wa hatua ya nane.

"Malizia," nilimwambia.

"Umefikaje huku, wewe?"

Nikamweleza habari za kuhifadhi.

"Kabla ya kila shimo? Hiyo siyo kucheza, mdogo wangu. Hiyo ni kuungama kabla ya dhambi."

Kwa kuwa kuungama kumeshatajwa, niliungama. Waya, kidole, plagi, yote. Nilitegemea acheke. Ni sista wa miaka arobaini na kitu, muuguzi. Nilidhani ameshasamehe makubwa zaidi.

Hakucheka. "Kwa hiyo yule mzee hakukata?"

"Hakukata."

"Na zile fimbo?"

"Dada, nilikuwa mtoto."

"Na mimi je, nilikuwa bibi?" Akasimama. "Vaa viatu."

Fundi amestaafu, anaishi Matogoro na shamba lake dogo. Tulipanda bajaji. Tulimkuta mzee barazani na mkewe, wanapukuchua mahindi. Dada akapiga goti, akamwamkia, kisha akanigeukia. "Sema."

Nikasema. Mzee alisikiliza mikono ikiendelea na kazi.

"Kumbe ulininyima shikamoo?" alimuuliza dada. "Mimi nikajua binti amekua, ameanza haya." Mkewe akacheka hadi hindi likamponyoka. "Mtaa mzima ulikuwa unanitukana, Sista. Hata siku nisizokuwa zamu. Shikamoo ningezihesabu saa ngapi?"

Dada alimwomba msamaha hata hivyo, taratibu, bila mzaha, na mzee akaupokea vivyo hivyo. Kisha akapangusa mikono.

"Ila nimelaumiwa kwa kitu ambacho sijawahi kukiona. Hebu tuone."

Dada akanipokonya simu, akamwekea hatua ya kwanza. Mzee akatumbukia shimo la kwanza. Mara tatu.

"Hii mbovu hii."

"Siyo mbovu, mzee. Unaruka mapema. Subiri ufike ukingoni."

Mara ya nne akavuka, akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Dada akavuta kigoda karibu yake, kichwa kwa kichwa. "Sasa tulia, juu kuna popo." Niliinama nione, akanisukuma kwa kiwiko bila kuinua macho.

"Wewe pukuchua."

Mke wa mzee akanisogezea ungo.