Jozi Moja ya Kulwa na Doto

Je, mguu wa mtoto aliyekufa unaendelea kukua? Swali hilo niliulizwa sokoni Tabora na mwanamke mwuza viatu. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa ameshika kiatu mkononi, akingoja jibu langu ili ajue anitolee namba ipi. Nina shahada ya historia na nimezoea kubishana na kila mtu, lakini siku ile sikuwa na la kusema.

Nianze na kilichonitoa nyumbani Tura. Dada yangu Eliza alizaa pacha wasichana, wakaitwa Kulwa na Doto kama pacha wa kwetu wanavyoitwa. Mvua za mwaka uliotangulia, Kulwa alikanyaga msumari wenye kutu karibu na stesheni. Alikuwa peku, kama watoto wengi wa hapa. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kikaoshwa kwa maji ya chumvi na kusahauliwa. Kisha taya zikakaza. Pepopunda ilimmaliza kabla hatujamfikisha Tabora.

Sasa Doto alikuwa anaanza darasa la kwanza, na njia ya shule inavuka reli palepale. Dada aliuza karanga zilizobaki ghalani, akanikabidhi fedha zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Tangu msiba alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mletee kiatu ambacho msumari haupiti," aliniambia. Hakuongeza neno.

Aliyeongeza ni Bibi, mama yake mama yetu, aliyetulea sisi na sasa anawalea hawa. Alitoka ndani na vijiti viwili vya bua la mtama vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Kwetu mtoto hapelekwi mjini kujaribishwa viatu, nauli yake ni nusu ya kiatu. Hupimwa kwa kijiti, kisigino hadi ncha ya kidole gumba, na kijiti ndicho kinachosafiri.

"Hiki cha nani na hiki cha nani?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Cha Doto na cha Kulwa. Jozi mbili, za namna moja."

"Bibi, Kulwa tulimzika."

"Kulwa katoka," alisema, kama vile mtoto yuko kwa jirani.

Hivyo ndivyo alivyosema tangu siku ya mazishi. Pacha hasemwi kwamba amekufa. Kinachoingia nyumbani kwa ajili ya mmoja ni cha wote wawili, na kisipotosha kinakatwa katikati. Nimemwona akikata andazi la Doto, nusu anampa mtoto, nusu anaifunika kwa kisahani juu ya kabati mpaka inakauka. Ukiwabagua, husema, aliyetoka atarudi kumfuata mwenzake. Na Bibi ni mshirika wa Moravian asiyekosa ibada hata moja.

"Mchungaji anajua mambo haya?" nilimchokoza.

"Mchungaji hajawahi kuzaa pacha. Chukua vijiti, msomi, treni haikungoji."

Sisi ndio tulioingoja treni. Jua lilikuwa limeshapanda ilipofika stesheni. Nilipata kiti upande wa dirisha, vijiti vikiwa ndani ya mkoba pamoja na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kumpelekea shangazi yangu Tabora. Doto alibaki amesimama kwenye kokoto na miguu yake mitupu, akinipungia mkono. Nilimwona akibadilisha mguu, mara huu mara ule, maana kokoto zilikuwa zimeanza kupata moto.

Baada ya Malongwe ni pori, na pori, na pori. Reli yetu imefuata njia ya misafara ya zamani, ile ambayo Wanyamwezi walipita wakibeba pembe mpaka pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Chuoni niliandika kurasa nyingi kuhusu wapagazi hao: uzito wa mizigo, ujira, vituo vya maji. Tura ilikuwa mojawapo ya vituo. Nikiwa dirishani niligundua kwamba katika kurasa zote zile sikuwahi kuuliza walivaa nini miguuni. Niliwaza pia ni wangapi waliokufa kwa mwiba, si kwa vita wala kwa njaa, wakaachwa kando ya njia na mizigo yao ikagawiwa wenzao. Hakuna aliyewaandika, kwa hiyo hata mimi sikuwaandika.

Goweko tulisimama muda mrefu bila kuambiwa sababu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alinunua kuku wa kuchoma dirishani, akanikatia paja bila kuniuliza.

"Unaenda kwa mgonjwa?" alisema. "Uso wako ni wa hospitali."

"Naenda kununua viatu vya mtoto."

"Basi cheka, mwanangu. Viatu ni jambo la heri."

Tabora nilifika mchana, joto likiwa limekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Nilikwenda kwanza Itetemia kwa shangazi, dada yake baba, anayelima viazi nyuma ya nyumba yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari amefungua furushi la michembe. Nilimweleza habari ya vijiti viwili nikitarajia tucheke pamoja. Hakucheka.

"Fedha zinatosha jozi mbili?"

"Mbili mbovu au moja nzuri."

"Basi shida si bibi yako, shida ni fedha. Ungekuwa nazo ungebishana?"

"Ningebishana."

"Ndiyo maana hujaolewa," alisema, akaenda kupika.

Asubuhi iliyofuata niliingia sokoni, upande wa mitumba. Viatu vya watoto vilikuwa vimemwagwa juu ya turubai, kila jozi imefungwa pamoja kwa kamba zake. Nilipita meza baada ya meza. Vipya vya dukani vilinipendeza macho, lakini nilikuwa na kipimo changu. Nilitoa pini ya kitenge na kuisukuma kwenye soli. Kwa vile vipya vya bei yangu, pini ilipita hadi ndani bila ubishi. Wauzaji wawili walinifukuza.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa mjini mwenye baibui, jina lake Mama Zuhura, amekaa kwenye kigoda akipaka dawa ya viatu.

"Umemaliza kuwachoma sindano wenzangu? Njoo uchome na vyangu."

Nilimwamkia, nikachuchumaa. Alivichukua vijiti, akaviweka sambamba kwenye kiganja, vikawa na urefu mmoja.

"Pacha hawa."

"Kulwa na Doto."

"Mashallah. Pacha nawapunguzia, siwezi kulala na dhambi ya kuwabana pacha."

Alinionyesha jozi mbili nyeusi zinazofanana, za ngozi ya bandia. Nilikunja moja, ikakunjika kama chapati. Pini ikapita. Kisha nikaona jozi nyingine chini ya meza, viatu vyeusi vya ngozi halisi, soli nene, vimevaliwa na mtoto fulani wa mbali ambaye bila shaka aliletewa vingine kabla havijachakaa. Nilisukuma pini kwa nguvu zangu zote. Ikapinda.

"Nataka hivi."

"Vya namna hiyo ninayo jozi moja tu ya namba hii. Iliyobaki ni ya namba ndogo kidogo, na bei yake ni ndogo pia. Lakini kwa pacha huwezi kuchukua vya ngozi kwa huyu na vya plastiki kwa yule. Watatoana macho."

"Hawatagombana," nilisema. "Kulwa amefariki."

Aliacha kupaka dawa. Akasema, "Innalillahi," kwa sauti ya chini. Kisha akaniuliza nani aliyekata vijiti, nikamwambia ni bibi yetu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo analolijua. Akachukua kile kiatu kikubwa cha ngozi, akaingiza kijiti, akaonyesha nafasi iliyobaki mbele.

"Huyu Doto tunamwachia nafasi ya kidole gumba, ndiyo namna ya kununua kiatu ukiwa na fedha kidogo. Mwakani bado atavaa." Akainua kile kidogo. "Na huyu mwenzake? Mguu wa aliyetoka unakua, au tumpe kinachomtosha leo? Kama haukui, chukua hiki, nitakupunguzia mpaka fedha zako zifike."

Nilitafuta kejeli, sikuipata. Nilijua kwamba hata akipunguza namna gani, kingebaki kitu cha kuomba kwa shangazi, na nauli ya kurudi ingekuwa mashakani. Lakini si hesabu iliyonizuia kununua. Sikutaka kumnunulia viatu mtoto aliye chini ya udongo wakati aliye juu yake anakanyaga misumari. Nililipia jozi moja, ile kubwa.

Mama Zuhura aliifunga vizuri kwa kamba zake. "Mimi nimeuza," alisema. "Mengine ni ya kwenu."

Safari ya kurudi sikuona pori wala njia ya wapagazi. Viatu nilivipakata. Niliandaa hoja zangu moja baada ya nyingine, jinsi nilivyozoea kujiandaa kwa mdahalo: soli, pini, pepopunda, fedha za karanga. Tulipopita Nyahua nilikuwa nimeshashinda.

Tura nilikuta wote watatu uani. Dada alivipokea viatu, akabonyeza soli kwa dole gumba, akafumba macho kidogo. Doto alikaa chini na kunyoosha miguu yote miwili kabla hajaambiwa. Nilianza kusema hoja zangu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo lilipaswa kunitisha.

"Umemaliza? Haya. Jozi ni moja, watoto ni wawili."

Akafungua kamba. Kiatu cha kushoto alimvisha Doto, akakaza vizuri. Cha kulia akakifuta vumbi kwa kanga yake, akaingia nacho ndani, akakiweka juu ya kabati kando ya kile kisahani.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilimfuata ndani.

"Bibi, mguu mmoja utabaki wazi. Mguu mmoja unatosha kufa."

"Kulwa alichomwa wa kulia. Cha kulia ni chake."

"Huu wa kulia uliobaki ni wa Doto! Ni mtoto aliye hai!"

"Ungeleta mbili," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Nilitoka kumtafuta dada, nikiwa na hakika kwamba yeye atakuwa upande wangu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Doto, akiutazama ule mguu mtupu.

"Eliza, nenda ukakichukue. Ni mwanao."

"Wote wawili ni wanangu," alisema.

Doto alikuwa akitembea uani, mguu mmoja ukipiga kelele ardhini, mwingine kimya. Alikuwa anacheka kidogo, maana kutembea hivyo kulimfanya achechemee.

Nilikichukua mwenyewe mchana ule, Bibi alipokwenda shambani. Nilimvisha Doto mguu wa kulia. Alitazama kiatu, akatazama kabati, akakivua kwa mikono yake na kunirudishia. "Kulwa atanifuata," alisema. Alikuwa hajajua hata kusoma, na tayari alijua atakufaje. Nilikirudisha nilipokitoa.

Siku chache baadaye niliitwa Dar es Salaam kwa kazi ya muda. Doto alinisindikiza stesheni, sare ya shule mpya, kiatu kimoja kinang'aa. Nilijaribu kutazama uso wake tu. Treni ilipoanza kwenda niliona mguu wa kulia ukikanyaga kokoto, ukinyanyuka, ukikanyaga tena. Kwa miaka yote iliyofuata, simu ya nyumbani ikilia saa zisizo za kawaida, nilimuulizia Doto kabla ya salamu.

Niliondoka na fundisho moja, nikalisimulia kwa wenzangu mjini wakati wa chakula: kwamba mila haishindwi kwa hoja, na kwamba anayelipa gharama ya ubishi wetu ni mtoto. Watu walitikisa vichwa. Nililiamini fundisho hilo kabisa.

Doto hakukanyaga msumari. Ni binti mrefu sasa, yuko sekondari. Bibi alipofariki nilikwenda Tura kuzika, na tukiwa tunaosha vyombo vya msiba nilimuuliza Doto alivumiliaje kwenda shule na kiatu kimoja. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Kila asubuhi, alisema, Bibi alikuwa anatangulia kama anayekwenda shambani, na cha kulia kiko ndani ya kanga. Doto akifika kabla ya reli anamkuta ameketi kwenye jiwe. Bibi alimvisha, akamfunga kamba, akamwambia, "Kulwa anakuomba umtembezee chake." Na watoto walipotoka shule, alikuwa palepale, akiungoja mguu wa kulia.