Kanda Aliyotuma Baba

Kalisi, mhamisha kanda wa Nuku'alofa, ana sheria moja dukani kwake, na haivunji hata ukimpelekea nguruwe mzima: Jumanne ni siku ya madada, Alhamisi ni siku ya makaka. Kanda ya video haina haraka. Ya saa mbili itakula saa mbili mpaka iingie yote kwenye kompyuta, na Kalisi hutaka mwenye kanda akae naye amtajie nani ni nani, ayaandike majina. Sasa kaka na dada watakaaje benchi moja, taa imezimwa, wakitazama picha pamoja? Kwa watu wengine labda. Tonga, hapana. Penye televisheni akiwapo dada, kaka hubaki nje. Akiwapo kaka, dada hutoka. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na anayetaka kuicheka aicheke.

Lesieli alifika Jumanne moja ya mwezi wa kumi, mwaka elfu mbili na kumi na tano, amekumbatia boksi la kanda kumi na moja. Alikuwa na miaka hamsini, hana mume, hana mtoto, mikono migumu kwa kugonga magome ya kutengenezea vitambaa. Jumamosi ya wiki ile binti wa kaka yake, Ungatea, alikuwa anatimiza miaka ishirini na mmoja, na watu walitaka picha za zamani zionyeshwe ukutani kwenye ukumbi wa kanisa. Kaka mtu, Saimone, alikuwa kisiwani Vava'u kwa safari ya kanisa. Mkewe Mafi ndiye aliyeinama chini ya kitanda, akalivuta boksi zima bila kuchambua, akamletea wifi yake.

"Umeniletea kanda au shamba la uyoga?" Kalisi aliuliza akikunja pua. Walisoma darasa moja hao, hawajawahi kuoneana haya.

"Safisha, acha domo. Ungelitumia shuleni domo hilo ungefaulu hesabu."

"Nilifaulu!"

"Ulinakili kwangu, Kalisi."

Kalisi akacheka, akafungua kanda ya kwanza kwa bisibisi ndogo, akaanza kuufuta ukungu kwa pamba na spiriti, akizungusha kwa kidole polepole ili utepe usikatike. Harusi. Ubatizo. Mazishi ya babu, dakika arobaini za watu kulia na dakika ishirini za viazi vikuu kupangwa. Lesieli akataja majina hadi mate yakamkauka. Kanda ya nne ilikuwa na kikaratasi kilichobandikwa ubavuni: Baba, Machi 88.

"Hii sijawahi kuiona," Lesieli alisema.

"Wewe? Si ndiyo ile ya wosia?"

"Ndiyo hiyo. Ilionyeshwa kwa kaka. Mimi nilikuwa nje."

Kijiji kizima kiliujua wosia ule. Mwaka themanini na nane baba yao, Maka, alikuwa ng'ambo, Auckland, akifanya kazi kiwanda cha nyama, na kifua kilikwisha kumshinda. Simu ilikuwa ya kupanga foleni posta, barua alikuwa mvivu kuandika, basi akakaa mbele ya kamera ya jirani, akasema aliyokuwa nayo, akatuma kanda kwa mtu anayerudi nyumbani. Siku hizo Lesieli alikuwa na miaka ishirini na mitatu na barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi hukohuko Auckland. Sanduku lake lilikuwa limefungwa mlangoni. Kanda ikaonyeshwa nyumbani kwa Saimone, palipokuwa na deki, Mafi akiwa kwao siku ile, ndugu wa kiume wa baba wakajaa. Lesieli akakaa banda la jikoni akichochea moto wa magimbi, akasikia watu wanalia ndani, asisikie neno. Kisha Saimone akaja, akasimama mbali, akamwambia akitazama chini: "Dada, baba amesema ubaki. Umtunze mama."

Baba akafa mwezi wa tano. Lesieli akafungua sanduku, akatoa nguo, akazirudisha kabatini. Mama yao, Vika, alikuwa amepooza upande wa kushoto, na binti yake alimwosha, akamlisha, akamgeuza, akamkata kucha, miaka kumi na tisa, mpaka mwaka elfu mbili na saba alipomzika. Mchungaji alisema kaburini kwamba huyu ndiye binti aliyetii neno la baba yake. Watu wakaitikia amina. Naye Lesieli, neno lile ndilo alilokuwa akiegemea kila alipoona wenzake wamerudi likizo na viatu vya ngozi. Baba alitaka hivi. Si kwamba ameachwa, amechaguliwa.

Kalisi akasukuma kanda ndani.

Ilianza na mistari, ikatulia, akatokea Maka ndani ya koti kubwa, amekonda, macho yaleyale.

"Halo? Halo? Inachukua hii? Mnaniona? Koti la mtumba hili, msinicheke. Huku baridi hata mbwa wanavishwa sweta." Akakohoa. Lesieli alikuwa anacheka na kulia pamoja, mkono mdomoni. "Saimone, nisikie vizuri, mwanangu. Lesieli aje. Tiketi nimeshakata. Kitanda chake nimekitandika, hiki hapa nyuma yangu, mnakiona? Mama yenu atatunzwa na wewe na Mafi, na ndugu zangu wapo hapo, wasijifanye vipofu. Mtoto yule ana akili. Asizeekee jikoni kwa kuogopa kusema."

Kalisi aliacha kuandika.

"Na wewe Vika, mke wangu, najua uko hapo mbele unanitazama. Utalia. Lia, lakini usimzuie. Mwachie mtoto aje." Akakohoa tena, muda mrefu, mtu akampa maji. "Lesieli, binti yangu, najua uko nje. Huwezi kukaa na kaka yako, na vizuri, ndivyo tulivyokulea. Kaka yako atakuja kukwambia."

"Rudisha," Lesieli alisema.

Kalisi akarudisha. Mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya tatu Lesieli hakumtazama baba tena, alitazama kile kitanda chenye blanketi la mistari. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakumjua Saimone. Ya kwake ilikuwa na miaka ishirini na saba, na alipita juu yake kila siku akiwa amevaa tai.

"Mshenzi," Kalisi alisema. "Mzee wa kanisa! Mshenzi mkubwa. Na wote waliokuwamo mle ndani?"

"Ndugu za baba. Wamekufa wote."

"Wote kimya? Hata mmoja asikunong'oneze?"

Palepale Lesieli alikumbuka jambo. Jioni ile ya kanda mama hakuwa na kiti cha magurudumu. Alikwendaje kwa Saimone? Ni yeye, Lesieli, aliyembeba. Alimpakata mama yake kama mtoto, akavuka naye uwanja, akamweka kwenye mto mbele kabisa ili aone vizuri, akamfunika miguu, ndipo akatoka kwa heshima ya kaka yake. Alimpeleka mwenyewe akasikie. Na mama, ambaye ulimi wake haukupooza hata siku moja, ambaye aliimba, akasengenya, akaagiza samaki wa aina anayotaka, aliishi baada ya hapo miaka kumi na tisa akimshika mkono binti yake na kumwambia: "Baba yako alijua kuchagua."

Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo. Lakini Lesieli alikuwa akiifua na hiyo nguo.

Saimone alirudi Alhamisi. Mafi alikuwa amekwisha kuambiwa, na Mafi si mtu wa kukaa na neno tumboni. Jioni akaja kwa dada yake, hakuingia, akaketi kwenye ngazi ya nje akampa mgongo, uso kwenye barabara, kama walivyozoea kuzungumza tangu ukubwani. Lesieli alikuwa ndani ya mlango, kwenye mkeka.

"Dada."

"Kaka."

"Mafi amesema umeiona."

"Nimeiona mara tatu."

Saimone akakuna goti. "Mama alinishika shati. Kanda ilipokwisha, watu wanafuta machozi, alinivuta akaniambia, baba yako yuko mbali, hajui. Huyu akiondoka nitafia mikononi mwa Mafi, na Mafi hanipendi. Mwambie abaki. Mwambie ni baba kasema, akisikia ni mimi ataondoka." Akakuna goti tena. "Ndugu za baba walisikia. Wakasema ni mambo ya mama na watoto wake."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, dada. Niliona ni mwaka mmoja, miwili. Nikasema mama akifa nitakwambia, utakwenda."

"Mama hakufa."

"Hakufa."

"Saimone, miaka hiyo yote umepita mara ngapi mbele ya mlango huu, umeniona nimebeba beseni la mama, ukaendelea na safari zako?"

Hilo angalau alilijibu kweli. "Kila siku," alisema.

Lesieli alitaka kumrushia kitu. Alitaka kupiga yowe majirani watoke. Badala yake alijikuta analinyoosha tandiko la mkeka, nalo lilikuwa limenyooka.

"Nisitiri, dada," Saimone alisema. "Jumamosi mchungaji atakuwapo, na wazee wote. Ile kanda isionyeshwe. Nakuomba kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto usimtie hapa. Ungatea ataonyeshwa babu yake. Na wewe utakaa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ukumbini. Picha zikianza, hutoki."

Saimone nusura ageuke. "Wewe si utakuwa umo ndani? Dada! Watu watatuonaje?"

"Mimi ni shangazi ya Ungatea. Nikitaka huo mkeka wa heshima uliofunga kiunoni unafungua unanipa, na ng'ombe wako, na hata keki ya mtoto naibeba yote nyumbani, na hakuna wa kuninyima. Nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi."

"Basi naomba."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nguruwe kumi na wawili, kamba, majani ya magimbi yenye nyama ya kopo na tui, na shangazi amekaa mahali pake pa juu, amevishwa vitambaa vipya, hakuna aliyegusa chakula mpaka alipogusa yeye. Ungatea alikuwa mzuri siku ile, jamani, amepakwa mafuta anang'aa. Taa zilipozimwa wanaume wenye dada zao mle ndani wakaanza kuinuka watoke, kama kawaida. Saimone naye akainuka. Mazoea hayana adabu.

"Kaka," Lesieli alisema, wala hakupaza sauti. "Kaa."

Ukumbi mzima ukasema "He!" Mchungaji akashika miwani yake. Saimone akakaa chini, kichwa kati ya magoti, jasho likimtoka.

Zikapita harusi, ukapita ubatizo, watu wakacheka nywele za zamani. Kisha akaja Maka na koti lake. Mbwa na sweta, watu wakaangua kicheko. *Lesieli aje. Tiketi nimeshakata. Kitanda chake nimekitandika.* Kicheko kikafa safu kwa safu. Wazee waliokuwa wakisimulia wosia ule kwenye mazishi wakatazamana. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ina maana alidanganywa?" na mwingine akamwambia nyamaza, na mwingine akasema, "Anyamaze kwa nini?" Ungatea aligeuka akamtazama baba yake, na Saimone hakuwa na pa kuweka uso.

Bado aliinua macho kidogo, maana alijua linalofuata. Alikuwa analisubiri kwa hamu, masikini, kama mtu anayesubiri shahidi wake mahakamani. *Na wewe Vika. Usimzuie.* Likisikika hilo, lawama itagawanyika, na nusu yake itakwenda kaburini.

Picha ikaruka. Maka alikohoa, akanywa maji, akasema, "Lesieli, binti yangu, najua uko nje," akaendelea mpaka mwisho, na jina la Vika halikutajwa.

Ijumaa asubuhi Lesieli alikuwa amekwenda dukani kwa Kalisi, siku isiyo ya madada wala ya makaka, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Kata kuanzia hapa hadi hapa." Kalisi aligoma. "Huyo mama ndiye mwizi mwenyewe! Mwache aumbuke!" Lesieli akasema kata. Kalisi akauliza kama amemsamehe. "Sijamsamehe," alisema, "nimemchukia tangu Jumanne, sijalala kwa kumchukia. Kata."

Gizani ukumbini Saimone aligeuka akamtazama dada yake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni. Lesieli hakumwona. Alikuwa ametazama mbele, hasira imemjaa, kwa sababu mama amelala kaburini mwaka wa nane na bado anamtuma kazi, naye bado anakwenda.